Nilivyosema Mama Ametunga

Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiungua, harufu yake haifanani na ya chakula kingine chochote. Yanatangulia mawese, yanafuata majani, kisha kinakuja kitu kichungu kinachokaa kwenye pazia siku tatu, na majirani wote wanajua kwamba katika nyumba hiyo kuna mwanamke aliyekuwa akifikiria jambo lingine.

Juma lililopita mwanamke huyo alikuwa mimi. Nilikuwa chumbani, daftari magotini, natafuta namna ya kumfanya mzee mmoja katika mchezo wangu wa redio aombe msamaha bila kuonekana mjinga. Binti yangu alirudi kutoka shuleni, akasimama mlangoni, akanusa. "Mama, umeunguza tena," akasema. Lililoniuma ni hilo "tena". Nilikimbia jikoni nikaipua sufuria kwa pindo la kitenge, na nilipoinama juu ya ule moshi sikuwa tena Kabambare katika nyumba yangu. Nilikuwa Kasongo, nina miaka tisa, na nimemkasirikia mama.

Mama yangu aliitwa Mama Feza, kwa sababu mimi ndimi Feza, mtoto wake wa kwanza. Ninyi wa rika langu mnajua mambo ya kwetu: mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo linabaki kwenye kitabu cha parokia, halina kazi nyingine. Mtaa ulimwita Mama Feza, baba alimwita Mama Feza, hata padri. Nilifika umri ule bila kujiuliza kama alikuwa na jina lingine.

Alikuwa mwimbaji wa korali, na zaidi ya kuimba, alitoa nyimbo zake mwenyewe. Nyumbani hatukuwa na neno la kazi hiyo. Yeye alisema "natafuta wimbo", na kweli tulimwona anatafuta. Anasimama katikati ya ua na mchi mkononi, sombe imetwangwa nusu, macho yamekwenda juu ya paa la jirani. Unamwita mara tatu, hasikii. Halafu anautupa mchi, anakimbilia kaye yake, daftari la shule lenye jalada la bluu na biki iliyofungwa kwa uzi isipotee, anachuchumaa palepale kuandika huku midomo inatembea. Nyimbo zake nyingi zilianzia kwenye kinu. Aliniambia siku moja kwamba mchi ukipiga vizuri, maneno yanakuja yenyewe, kazi yake ni kuyashika tu.

Leo nayasema haya kwa fahari. Wakati ule niliona haya. Nilikwenda shuleni nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili wimbo ulikuwa umeingia katikati. Mwalimu aliniuliza mbele ya wote kama kwetu hakuna mama. Wenzangu walikuwa na mzaha wao: "Kwa akina Feza leo tena wanakula makala," yaani makaa. Nilicheka pamoja nao, nikacheka kuliko wao, ili wachoke haraka.

Kisha mdogo wangu Musafiri, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, alishika sufuria ya moto mama akiwa ameinamia kaye. Kiganja kilitoka malengelenge. Baba alikuwa anajiandaa kwenda Salamabila kuchimba dhahabu, na alikuwa mtu wa maneno machache. Aliyasema yote akiwa anafunga mzigo wake.

"Mama Feza, kuimba, uimbe. Lakini ile kaye, macho yangu isiione tena. Una watoto."

"Nimesikia," mama akasema.

Aliificha kaye chini ya maharage, kwenye kapu kubwa. Miezi miwili baadaye niliiona imetoka.

Mwaka huo nilikuwa najifunza katekismu kwa ajili ya komunyo ya kwanza. Tulikaa kwenye mabenchi nyuma ya kanisa, na katekista, mzee mwenye subira nyingi na meno machache, alitueleza kwamba Bwana Yesu alitungwa ndani ya tumbo la Maria. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Niliinua mkono.

"Kutungwa njo nini?"

Wakubwa walicheka. Katekista alikohoa, akajifuta paji la uso. "Njo kuanza kukaa ndani ya tumbo ya mama. Mama anatunga, kisha mutoto anatoka. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikiwa na neno jipya la watu wazima, na nilitaka sana kupata mahali pa kulitumia.

Sikungoja sana. Siku zilezile mama alikuwa amebadilika. Alisukuma sahani yake kwetu akisema hana njaa. Alisimama jikoni ameshika tumbo kwa mkono mmoja, anavuta pumzi, anaitoa polepole. Leo najua waimbaji wote hupima pumzi namna hiyo. Nikimsogelea aliniambia, "Ungoje, Feza, inakuja." Nini kilikuwa kinakuja, hakusema.

Alasiri moja alikuja rafiki yake wa korali, Mama Safi, mwanamke mrefu mwenye sauti nene ambaye alikuwa akikaa karibu na mama katika kila misa. Walikaa kwenye mkeka, Mama Safi akisuka nywele za mama. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni nachambua mchele. Nilisikia yote.

"Nimetunga," mama akasema.

Mama Safi aliacha kusuka. "Kweli?"

"Kweli. Inanizunguka humu ndani tangu wiki mbili. Lakini usiseme kwa mutu. Baba Feza hajue."

"Itatoka lini?"

"Mbele ya siku kuu ya parokia."

Mama Safi alicheka kicheko cha furaha, akampiga mama begani. "We mwanamuke! Bwana yako akirudi atakuta mambo imekwisha."

Hebu jiwekeni mahali pangu, kwenye mchele ule. Neno nililofundishwa kanisani, lenye tumbo ndani yake, mama alikuwa amelisema kwa kinywa chake. Kitu kinazunguka ndani, kitatoka kabla ya siku kuu, na baba hajui. Kwa mwenzake wa korali lilikuwa neno la kazi yao. Kwangu lilikuwa na maana moja tu, ya katekista. Sikufikiri juu ya baba na mama na yale ambayo watu wazima wangefikiri. Niliona jambo moja: Musafiri mwingine anakuja, na nitakula makala mpaka niolewe.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikaa mwisho wa mtaa wetu na aliuza mikate ya mafuta mbele ya nyumba. Hakumpenda sana mama. Nilikwenda kwake kulalamika, kama nilivyozoea, kwa sababu kwake malalamiko yangu yalipata mkate.

"Leo tena hamukukula?" akaniuliza.

"Mama hapiki vizuri. Ametunga mutoto."

Mkono wake ulibaki juu ya beseni. "Unasema nini?"

"Ametunga mutoto. Baba hajue. Atatoka mbele ya siku kuu ya parokia. Alisema kwa Mama Safi, nilisikia."

Shangazi alinipa mkate wa pili, kisha wa tatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Akaniambia nisiseme kwa mtu mwingine. Niliila mikate yote mitatu njiani. Sikumwachia Musafiri hata kipande.

Kesho yake shangazi alikuja kwetu na wake wawili wa ukoo. Mimi nilifukuzwa, nikakaa nje na Musafiri mgongoni. Sauti zilinifikia vipandevipande. Nilisikia shangazi akisema, "Yule uliyemuambia siri yako njo ameitoa." Nilisikia mama akilia, akisema jambo juu ya wimbo, na shangazi akimjibu kwa kicheko kikavu: "Bwana yako alikukataza ile kaye, na wewe unataka kujificha nyuma yake?" Hakutaja jina langu. Nadhani alitaka kunikinga. Mpaka leo nashindwa kumshukuru kwa kinga hiyo.

Maneno yana miguu kuliko watu, na wachimbaji wana pikipiki. Haukupita muda, baba alishuka mbele ya nyumba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alisimama mlangoni akafungua kitenge chake kidogo, akabana nguo yake tumboni ili aone.

"Angalia mwenyewe."

Baba aliangalia. Tumbo lilikuwa bapa. "Iko wapi?" akauliza.

"Haikukuwa kitu. Ni wimbo. Nilikukosea kwa wimbo, si kwa ingine."

Baba alikaa kwetu mwezi mzima, akimwangalia mama anapita na ndoo, anainama, anainuka. Mwishoni alisema yamekwisha, akarudi kwenye mashimo yake. Alikuwa mtu wa haki, naamini alimsadiki. Lakini mtaa haukusadiki. Kwa kuwa tumbo halikuonekana, walisema amelitoa. Hilo katika parokia yetu lilikuwa zito kuliko mimba yenyewe. Hakuna aliyemfukuza kwenye korali. Mkubwa wa korali alikuja kwa heshima zote, akakataa kiti, akasema, "Mama Feza, upumuzike kwanza kidogo." Mama akasema sawa, atapumzika.

Alipumzika miaka yote iliyobaki ya utoto wangu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mpaka hapo, mkiniuliza, nitasema nilikuwa mtoto na neno lilinipotosha, na mtanisamehe, nami nitajisamehe. Ngojeni kwanza.

Baada ya baba kuondoka mama aliitoa kaye kwenye maharage, akanipa. "Utakuwa unawasha nayo babula," akasema. Babula yetu, jiko la makaa, ilikuwa ya bati, na makala yake yalikuwa magumu kushika moto bila karatasi. Nilichuchumaa uani, nikafungua jalada ili nichane ukurasa wa kwanza. Kwa herufi kubwa, zilizopigwa mstari mara mbili kwa rula, kulikuwa kumeandikwa: NYIMBO ZILIZOTUNGWA NA VERONIKA.

Nilisoma mara ya pili. Nilijua kusoma vizuri, nilikuwa wa tatu darasani. Kwanza nilijiuliza Veronika ni nani. Kisha nikatambua mwandiko. Halafu nikaliangalia lile neno lingine, nikaligeuza kichwani, nyimbo, zilizotungwa, na masikio yangu yakapata moto. Nilifahamu palepale. Nilifahamu kilichokuwa kinazunguka, na kilichotakiwa kutoka kabla ya siku kuu. Nilimfahamu Mama Safi na kicheko chake.

Mama alikuwa hatua tano kutoka kwangu, anatwanga. Mchi wake ulikuwa unakwenda sawasawa, bila kusimama, kama wa wanawake wengine wote. Ningeweza kumwita. Niliukunja ukurasa, nikauweka chini ya makala, nikapiga kiberiti.

Niliogopa kupigwa, ndiyo. Lakini ningekuwa mwongo nikisema ni woga tu. Tangu siku ile ya shangazi, sombe yetu ilikuwa haiungui. Bugali ilikuwa tayari tukitoka shuleni, imefunikwa. Nywele zangu zilisukwa pande zote mbili, mistari imenyooka, na mwalimu alinisifu mbele ya wote. Mama alinisikia nikimwita mara moja. Nilikuwa nimempata mama niliyemtaka, na nilijua, kwa akili yote ya miaka tisa, kwamba nikisema ukweli huenda yule mwingine akarudi.

Jumapili moja kabla ya siku kuu Mama Safi alikuja. Alibisha hodi, hakuketi. Alikuwa amekonda kidogo.

"Mama Feza, nimekukosea nini? Unanipita barabarani."

Mama hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Jiulize mwenyewe."

"Nimejiuliza. Sioni."

"Basi haya, uende na amani."

Mama Safi alinitazama mimi, niliyesimama kati yao na Musafiri kiunoni. "Feza, ginsi gani? Mama iko mugonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Iko anapika."

Alinipapasa kichwa, kwenye ile mistari iliyonyooka, akaenda. Harufu ya jikoni ilikuwa nzuri sana siku ile, mama alikuwa ameweka samaki wa kukausha kwenye sombe. Nilikula nikashiba, nikaomba tena.

Siku kuu ya parokia korali iliimba nyimbo za zamani. Nilikuwa kwenye benchi la mbele na watoto wa komunyo ya kwanza, gauni jeupe limepigwa pasi, soksi mpya, wa kupendeza kuliko wote. Mama alikaa nyuma karibu na mlango na Musafiri mapajani, na ulipoimbwa wimbo wake mmoja wa miaka iliyopita hakufungua mdomo. Wimbo ule mpya sijausikia mpaka leo. Tuliumaliza kwenye babula kama kurasa zingine, nikichana mimi, moja kwa asubuhi na moja kwa jioni.

Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, mama alikaa kwanza kwa Musafiri, anayelima huko Wamaza, kisha akaja kwangu. Nilimwandalia chumba chenye dirisha. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mwandishi, tuseme hivyo, wa michezo ya redio na hadithi ambazo watu wachache wanazisoma. Mama hakuwahi kuuliza ninaandika nini. Nikikaa na daftari, alipita mbali, kwa vidole vya miguu, na mimi kila alipopita hivyo nilitamani ardhi inimeze.

Siku ile ya juma lililopita alikuwa amekwenda misa. Aliporudi alinusa, akapita chumbani kwake. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda changu, mwiko mkononi, sombe imeanza kuchemka.

"Rudi kwa kaye yako," akaniambia. "Hii nitaiangalia mimi."

Nilirudi chumbani. Sikuandika mstari hata mmoja. Watoto waliingia wakinitafuta, mmoja anataka viatu, mwingine anataka kushtaki, na nikasikia sauti ya mama nje ya mlango, sauti ileile, imekwaruza kidogo.

"Musimusumbue mama yenu. Iko anatunga."

Sijui kama alilichagua neno hilo au lilimtoka tu. Niliweka kalamu chini, nikaenda jikoni, nikachuchumaa karibu naye kama mtoto.

"Mama, ile maneno ya mimba. Haikukuwa Mama Safi. Ni mimi nilimuambia shangazi. Nilisikia 'nimetunga', nikafikiri ni mutoto."

Mwiko uliendelea kuzunguka. Akasema taratibu, "Ulikuwa mudogo. Mutoto anasikia neno, anaibeba."

Huo ndio msamaha niliokuwa nautaka kwa miaka yote. Ningeweza kuuchukua nikainuka. Lakini nilikuwa nimeshachukua mikate mitatu.

"Ile karatasi ya kwanza ya kaye, yenye jina yako," nikasema. "Niliisoma mbele ya kuiwasha. Nilielewa. Siku Mama Safi alikuja kwenye mulango, nilikuwa najua tayari."

Mwiko ulisimama.

Hakunitazama. Alitazama babula, makala yaliyokuwa yamegeuka mekundu. "Nilimupita barabarani miaka kumi na moja," akasema. "Nilimupita mpaka alikuwa anatembea na fimbo. Siku moja alinisimamisha, akanisalimia kwa jina yangu, Veronika. Nikapita. Alikufa, sikuenda kwa kilio."

Tulikaa. Sufuria ilianza kutoa ule mlio mdogo wa kukauka, kisha harufu ikaja, mawese kwanza. Mkono wangu ulikwenda kuipua, akaushika, akauweka chini. Aliiacha iungue. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye kidevu, wala hakuyafuta.

"Rudi, uandike," akasema mwishoni. "Lakini usiandike Mama Safi. Alikuwa na jina. Aliitwa Odeta. Uandike Odeta."

Nimeandika, mama.